Mweria wa Simu Kumi na Mbili

Simu ya Josephine ilikataa. Ilikuwa simu yake, aliinunua mwenyewe soko la Kongowea na risiti anayo mpaka leo ndani ya kopo la sukari, lakini Felix alipojaribu kuitilia programu aliyoiunda ikatoa ukurasa mwekundu mzima, wenye maandishi meupe kwamba kitu hiki chaweza kukudhuru, na kwa usalama wako kimezuiwa. Chini yake palikuwa na neno moja tu la kubonyeza: Sawa. Usipotaka kusema sawa, shauri yako, hapana pengine pa kubonyeza.

"Usalama wangu," Josephine akasema. "Nimekaa Junda miaka thelathini. Nimeibiwa kuku, nimeibiwa sufuria ingali motoni na wali ndani yake. Sijaona mtu kuja kuniuliza habari za usalama wangu. Leo simu ndiyo imeniona."

"Irudishe dukani," alisema Dama, mamake Felix, bila kuinua uso kwenye kuti alilokuwa akilishona. "Waambie umewaletea simu yao. Wewe walikuazima tu."

Wanawake waliokuwa wameketi uani wakacheka. Felix hakucheka. Ilikuwa simu ya saba kukataa siku hiyo, na zote saba zilisema maneno yaleyale kwa adabu ileile ya kijinga.

Programu yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Aliiita Pokezana. Simu ilitoa neno ikaipa simu iliyo karibu, ua wa pili au wa tatu, nayo ikaipa nyingine, mpaka neno likafika kwa mwenyewe. Haikuhitaji bando, haikuhitaji mnara, na katikati hapakuwa na kampuni iliyokaa ikihesabu nani kamwambia nani nini. Felix aliiunda kwa miaka miwili, kwenye kompyuta ya mitumba iliyong'oka herufi ya N, na aliianza kwa sababu ya mamake. Lori la majani ya mnazi kutoka upande wa Kilifi husimama barabarani bila kumpa mtu taarifa. Anayepata habari kwanza huchagua majani marefu, na anayepata mwisho huokota yaliyopasuka. Siku ambayo Dama hana bando, na siku hizo zilikuwa nyingi, huokota yaliyopasuka.

Sasa programu ilikuwa tayari na simu haziitaki. Simu mpya zote zilikuwa hivyo. Hazili ila kilichopikwa jikoni kwa aliyezitengeneza, yaani duka lake la mtandaoni, duka lisilo na mlango wala muuzaji wala kiti cha mteja kukalia. Mtu akitaka kitu chake kiingie humo, ajiandikishe, alipe, apige picha kitambulisho mbele na nyuma, apige picha na uso wake akigeuka kushoto na kulia kama mshukiwa, halafu alete watu kumi na wawili waitumie programu hiyo siku kumi na nne mfululizo. Mmoja akikosa siku moja, hesabu inaanza upya.

"Kumi na wawili, kama mitume," alisema Ngumbao, mdogo wa marehemu mumewe Dama, ambaye hakuwa na kazi maalumu isipokuwa kupita nyumba za watu saa za chakula. "Na Yuda utamtoa wapi?"

"Kaa hapo hapo, baba mdogo," Felix akamwambia. "Tukikosa mtu tutakuita."

Alisema kwa utani, lakini Dama alimjua mwanawe. Alikuwa akiogopa. Shirika moja la Nairobi lilikuwa limeiona Pokezana likaipenda, na kijana mmoja wa huko aitwaye Brian alikuwa amempigia kumwambia kuwa wana kazi yake, kazi ya kudumu, mradi programu iwe ndani ya duka kabla mwezi haujaisha. Dama hakujua shirika hilo linafanya nini na hakujali. Alichojua ni bohari ya Changamwe, ambako Felix alibeba magunia kutoka kontena hadi lori tangu baba yake afe. Ana miaka ishirini na saba na asubuhi huinuka kitandani kwa kushika ukuta. Velma, mkewe, humkanda mgongo kwa mafuta ya nazi kabla hajaweza kuinama kuvaa viatu. Dama alikuwa akiyasikia hayo kupitia ukuta wa udongo kila siku ya Mungu, na alitaka mwanawe atoke Changamwe angali anatembea. Hilo tu ndilo alilotaka.

*

Wanawake wa makuti walikubali, maana Felix ni mtoto wao. Walikuwa kumi na wawili barabara, Dama mwenyewe akiwemo. Kwenye simu zao Felix alituma barua ya mwaliko ya duka, na safari hii programu ikapita, kwa majaribio, kwa ruhusa ya wakubwa.

Kukubali ni kitu kimoja. Siku ya nne mumewe Rosalia, mmoja wao, akaondoka na simu ya mkewe kwenda kazini kwa kuwa yake ilikuwa imekufa betri. Hesabu ikarudi moja. Wakaanza tena. Siku ya sita Mwanatatu, mzee wao, Mdigo wa Likoni aliyeolewa huku tangu ujana, akafiwa na wifi yake akazima simu siku tatu kwa heshima ya maiti. Nani angemlaumu? Hesabu ikarudi moja. Felix akawa anapita nyumba kwa nyumba jioni akitoka Changamwe, vumbi la simenti masikioni, akisema tafadhali mama, tafadhali shangazi, usisahau kesho. Kuna mwanamke mmoja alimwambia, "Hii simu yako imekuwa kama dawa za kifua kikuu." Akarudi nyumbani akaketi bila kuvua viatu.

Dama alimtazama akiwa ameketi hivyo, na hasira ikampanda. Kumi na nne mfululizo, kwa nini? Mtu akila samaki siku moja si anajua ni mtamu? Ni nani huyo aliyeketi mahali penye umeme usiokatika, simu yake haiazimwi na mume wala haizimwi kwa matanga, akaona watu wote duniani wanaishi kama yeye?

Kesho yake akawakusanya wenzake.

"Sisi kuti tunashonaje?" akawauliza. "Kila mtu kwake?"

Hapana, hawakushona hivyo. Walishona kwa mweria, kama mama zao walivyolima. Leo wote kumi na wawili wako kwa Dama wanashona makuti ya Dama, kesho wako kwa Rosalia wanashona ya Rosalia, mpaka zamu imzunguke kila mtu. Mmoja akiugua, kumi na mmoja wanamshonea, na kuti lake linahesabiwa lake.

"Basi na simu ni mweria," Dama akasema. "Asubuhi kila mtu apitishe simu yake hapa. Nitazishughulikia mimi, halafu mje mchukue."

Na ndivyo walivyofanya. Kila asubuhi, Felix akiwa ameshavuka daraja kwenda Changamwe, simu kumi na mbili zilipangwa kwenye sinia la pilau juu ya mkeka wa Dama. Naye, mwanamke aliyekuwa akiidharau simu hata ya kumpigia pasta, akajifunza. Fungua, andika habari, tuma. Chukua ya pili, jibu nzuri, tuma. Alizizungusha zote kumi na mbili kwa nusu saa, kwa mtandao mmoja ambao Felix aliulipia kwa ajili ya majaribio, kidole kimoja kigumu chenye alama za kamba. Siku ya mwisho duka liliomba kila mtumiaji aandike maoni yake. Dama akatunga, Josephine akaandika, kumi na mawili sawasawa: Programu nzuri sana, Mungu ambariki aliyeitengeneza. Isipokuwa Mwanatatu, aliyesema, "Langu tia Mwenyezi Mungu, wallahi nisije nikaonekana nimenakili."

Felix hakuambiwa. Dama alitaka aone hesabu tu. Akirudi jioni akauliza, "Wamefanya?" Dama humjibu, "Wamefanya." Siku ya kumi na nne ilipotimia Felix alicheka mpaka akashika mgongo, na Velma akamkaripia. Dama akawapikia wali wa nazi na kunde, na Ngumbao akatokea, kama desturi yake, wali ukipakuliwa.

*

Barua ilikuja Jumapili, wakitoka kanisani. Felix aliisoma amesimama mlangoni, akaisoma tena, akampa Velma naye akaisoma. Dama akawatazama wote wawili.

"Imesemaje? Mimi pia nina masikio."

"Wamefunga akaunti yangu, mama. Daima." Felix akazungumza taratibu, kama anayesoma habari za mtu mwingine. "Wanasema nimedanganya. Simu kumi na mbili zimetumiwa mahali pamoja, saa ileile, na mtu mmoja. Maoni kumi na moja yanafanana neno kwa neno. Wanasema hao watu hawapo, nimewaunda mimi."

"Hawapo? Josephine hayupo?"

"Mama, nani alikuwa akibonyeza?"

Dama alikuwa na kitambaa cha kanisani kichwani bado. Alikivua, akakikunja, akakiweka mapajani.

"Mimi," akasema. "Tulifanya mweria."

Felix hakupiga kelele, na Dama angependa apige. Aliketi kizingitini akajifunika uso kwa mikono na mabega yakamtikisika, na kwa muda Velma hakujua kama analia au anacheka. Alikuwa akicheka. Halafu hakuwa akicheka.

"Miaka miwili nimeunda kitu cha watu kusaidiana," akasema. "Na kimefungwa kwa kuwa watu wamesaidiana."

Akawajibu siku ileile. Aliandika kwa Kiingereza kizuri, Velma akisimamia, akaeleza mweria ni nini, makuti ni nini, wanawake hawa ni akina nani, akatia na picha yao wote kumi na wawili wameketi mkekani. Barua hiyo ilimchukua saa tatu. Jibu lilichukua dakika nne. Asante kwa kuwasiliana nasi, tumelichunguza suala lako kwa makini. Kwa makini ya dakika nne. Ikaongeza kwamba rufaa hukubaliwa kwa sababu mbili tu: akaunti iliibwa, au kosa lilifanywa na mtu mwingine, naye atajwe.

Jumatatu yake Brian akapiga, simu ikiwekwa sauti kubwa kwa sababu kipaza sauti cha sikioni kilikuwa kimekufa.

"Felo, niaje. Bosi anauliza hiyo maneno ya akaunti. Isiporudi kufikia Ijumaa, hiyo nafasi inaenda kwa msee mwingine. Si mimi, ni bosi, unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Si useme tu ni mtu mwingine alifanya? Tupa jina, yaishe."

"Ni mamangu."

Brian akashusha sauti. "Ah. Lakini si hawatamfunga. Ni fomu tu."

Felix akakata. Dama alikuwa nyuma ya pazia na aliyasikia yote. Huko kila mtu ana bosi, akawaza, na bosi hana jina, na barua hazina mwandishi. Sisi tu ndio tunaotakiwa kuwa na majina.

"Niandike," akasema akitoka.

"Siandiki."

"Felix."

"Simwandiki mamangu mwizi, mama. Fomu inasema udanganyifu. Inataka namba ya kitambulisho. Nitakaa Changamwe, wangapi wanakaa Changamwe?"

Habari, wakati huo, zilikuwa zimeshatoka uani bila msaada wa programu yoyote. Ngumbao aliwaambia watu wa kituo cha bodaboda kwamba mtoto wa kakake amekamatwa na Wazungu kwa wizi wa mtandaoni, na akalisema hilo kwa majivuno fulani, kama ukoo umepanda cheo. Mume wa Rosalia alimkataza mkewe asilete tena simu kwa Dama. Muuza maji wa kona, ambaye hukopesha hata walevi, alimuuliza Velma kama analipa kwa pesa mkononi au kwa simu, na akasema afadhali mkononi.

*

Siku ya Jumatano Dama aliichapisha barua kwa kijana wa mashine, akavaa gauni la kanisani, akaenda mjini kwenye ofisi ya huduma ya wenye zile simu. Ilikuwa ya vioo vitupu, baridi kama chumba cha maiti, na mlangoni mashine ikamtemea karatasi yenye namba. Akaketi kwa saa moja na nusu akitazama simu zilizofungwa minyororo mezani. Akaona ni sawa. Hata wao wenyewe hawaziamini.

Namba yake ilipoitwa alimkuta binti wa kiasi cha miaka ishirini na mitano, ushungi wa rangi ya kampuni, kibandiko cha jina kifuani: Asmaa.

"Shikamoo mama. Nikusaidie nini?"

"Marahaba mwanangu. Nataka kumwona aliyeandika hii."

Asmaa akaisoma barua yote, kisha akaisoma tena sehemu za chini, zile ndogondogo. "Hii haijaandikwa na mtu, mama. Ni mfumo."

"Mfumo upo wapi?"

"Haupo hapa."

"Nani anauamuru?"

"Wallahi mama, sijui. Hata sisi kazini hutuandikia vivyo hivyo. Mwezi jana ulinikata siku mbili, ukasema sikuja. Nilikuwepo hapa hapa nilipokaa."

Dama akamtazama vizuri. Alikuja na maneno makali aliyoyapanga tangu Junda, na hapakuwa na wa kumtupia ila huyu mtoto aliyekatwa siku mbili. Akayameza. Akamweleza habari za mweria, tangu mwanzo, na Asmaa hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Nyanyake alikuwa mkulima wa Likoni; walilima hivyohivyo, shamba kwa shamba.

"Nakufahamu kabisa, mama. Lakini hapa," akaigeuza kompyuta yake Dama aione, "pana visanduku viwili. Akaunti iliibwa. Kosa ni la mtu mwingine. Hakuna cha mweria."

"Hicho cha pili, mwenye kosa anaweza kukijaza mwenyewe? Hata mwenye akaunti akikataa?"

Asmaa akasita. "Anaweza. Kuna namba ya kesi kwenye barua. Lakini mama, nikusomee kwanza unachokubali."

Akamsomea. Nakiri kwamba nilitumia akaunti za watu wengine kwa udanganyifu, bila mtengenezaji kujua. Nakubali kwamba simu yangu, namba yangu na kitambulisho changu havitapokea tena programu hii wala nyingine yoyote ya mtengenezaji huyu. Nakubali kwamba mtengenezaji hatanihusisha na programu hii kwa maneno wala kwa maandishi, na akinihusisha, akaunti yake itafungwa bila onyo.

"Yaani asinitaje."

"Kwenye mambo ya hii programu, asikutaje. Yeye au watu wake wakikutaja popote, mfumo hupekua, huona."

Dama aliwahi kushtakiwa mara moja tu maishani, kwa nazi tatu zilizoanguka upande wake wa ua, na alisimama mbele ya chifu mpaka jua likatua kwa sababu hakutaka kusema nisamehe kwa kosa ambalo hakulifanya. Nazi tatu. Sasa akatoa kitambulisho kwenye kitambaa alichokifunga kiunoni.

"Andika, mwanangu."

"Mama, una hakika? Si bora umuulize kwanza?"

"Nikimuuliza atakataa. Andika. Dama Kadenge, Junda. Hapo pa udanganyifu sikupi neno jingine, acha hilohilo lao."

Simu ya Dama ikalia kidogo ili athibitishe. Ukurasa mwekundu, maandishi meupe, na chini neno moja la kubonyeza: Sawa. Akalibonyeza kwa kile kidole kigumu, na ikabidi alibonyeze mara tatu, maana mara mbili za kwanza mfumo haukumsikia.

Mlangoni palikuwa na ubao wa nyuso tatu, wenye kucheka, wenye kununa na usiojali, na maandishi ya kuuliza umehudumiwaje. Dama akauliza mlinzi ni wa nini. Mlinzi akasema nyuso hizo ndizo zinazowapimia wafanyakazi. Akaubonyeza ule unaocheka, kwa ajili ya Asmaa, na akatoka akiwa na uso usiocheka hata kidogo.

*

Alhamisi adhuhuri akaunti ilifunguliwa. Felix alikuwa bohari. Velma alimpigia, na inasemekana aliliweka gunia chini katikati ya ubao wa lori akaondoka, msimamizi akipiga kelele nyuma yake. Alifika Junda anahema. Pokezana ilikuwa ndani ya duka, na picha yake ndogo ya mikono miwili. Velma akaijaribu kwenye simu yake ikaingia bila kuuliza neno. Akamwita mama mkwe aje naye aitie kwenye yake.

"Yangu iache," Dama akasema.

"Kwa nini?"

"Iache tu."

Felix akaichukua simu ya mamake mezani akabonyeza. Ukurasa mwekundu. Mtumiaji huyu hastahiki. Akasimama akiusoma kwa muda mrefu kuliko urefu wa maneno yenyewe. Kisha akafungua barua ya duka ambayo kwa furaha hakuimaliza, akasoma mpaka chini.

"Ulikwenda mjini."

"Nilikwenda."

"Nilikuambia siandiki."

"Hukuandika wewe. Niliandika mimi, kitambulisho changu, mikono yangu. Wewe una kosa gani?"

"Wamekuita mwizi, mama."

"Nani? Nionyeshe mtu." Dama alikuwa ameshika fito mkononi, akaigonga mezani. "Nikiitwa mwizi na mtu nitamfuata mpaka kwake. Hiki si mtu. Ni kisanduku. Nilibonyeza kisanduku, basi. Ijumaa ni kesho. Kazi unakwenda au huendi?"

Felix akafungua mdomo.

"Na ukifika huko," Dama akaendelea, "usinitaje. Umesoma hapo chini? Usijitie uhodari. Ukinitaja nitakuwa nimejivua nguo sokoni bure."

Velma akamshika mumewe mkono, naye akaukubali mkono, lakini hakumtazama mamake. Alikwenda akaketi nyuma ya nyumba peke yake mpaka alipoitwa kula, na hakula. Jumapili ile akapanda basi la Nairobi.

*

Mwezi wa tatu tangu aondoke, shirika lilimleta Felix Junda pamoja na Brian na mwanamke wa kamera. Walitaka picha ya akina mama wa makuti wakitumia Pokezana, kwa ajili ya wafadhili. Felix alikuwa amenenepa kidogo shingoni na alitembea wima. Dama alimtazama akishuka garini bila kushika mlango, akatosheka.

Siku hiyo zamu ya mweria ilikuwa kwa Dama, basi wote kumi na wawili walikuwa uani kwake, na Ngumbao pia, kwenye kiti pekee chenye mgongo. Mwanamke wa kamera akawapanga. Akina mama wainue simu zao, ujumbe upite kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, zilie moja baada ya nyingine. Zikalia vizuri. Moja, mbili, tatu, nne, zikafika kwa Dama zikaruka, ikalia ya Josephine.

"Kata," akasema mwanamke wa kamera. "Mama, yako haina?"

"Haina."

"Tukuwekee sasa hivi?"

"Haikubali."

Brian, aliyekuwa kavaa miwani ya jua uani pasipo jua, akasogea kwa upole. "Mama, samahani. Si ukae kando kidogo tu, hapo nyuma ya kamera? Itapendeza wote wakiwa nayo. Tutakupiga ya peke yako baadaye." Hakujua kwamba ndiye yule mama wa fomu. Felix hakuwa amesema huyu ni nani. Hakuruhusiwa kuanza hadithi hiyo mbele ya kamera, na labda alihofia kwamba akiianza hataimalizia mahali salama.

Felix akapiga hatua moja mbele. Dama akamtazama mara moja tu, akasimama, akachukua fito yake na fungu lake la majani, akaenda kuketi nyuma ya kamera, kwenye kivuli cha ukuta wake mwenyewe, akaendelea kushona. Josephine naye akainuka. Akaambiwa mama wewe unayo, wewe baki. Akasema miguu imemfa ganzi, akaenda kuketi karibu na Dama, na simu yake akaitia kifuani.

Zikalia tena, kumi sasa, vizuri kabisa. Kisha wakamsimamisha Felix mbele ya makuti yaliyokaushwa, shati jipya, na mwanamke wa kamera akamuuliza maswali. Programu inafanyaje kazi. Imesaidia watu wangapi. Felix akajibu vizuri, sauti tulivu, kama mtu aliyezoea.

"Na mwanzoni kabisa," akauliza, "kabla ya shirika, kabla ya yote, ni nani aliyekusaidia?"

Mwanamke wa kamera akainua kichwa kumtazama, akingoja jibu. Velma, aliyekuwa mlangoni na tumbo lake la miezi sita, akashusha macho. Felix alikuwa akiangalia juu ya kamera, nyuma yake, kwenye kivuli cha ukuta, na mdomo wake ulikuwa umeshaanza kufanya herufi ya kwanza ya jina. Dama akatikisa kichwa. Mara moja, kidogo, kama anamfukuza nzi.

"Jamii," Felix akasema. "Nilisaidiwa na jamii."

"Safi sana," akasema Brian.

Nyuma ya kamera Josephine akainama, akanong'ona sikioni mwa mwenzake. "Jamii ndiyo nani, Dama?"

Dama alikuwa akikaza fundo kwa meno, na ilimchukua muda kulikaza.

"Ndiyo mimi," akasema. "Nyamaza, ushone."